Saa Moja Katika Siku Saba

Bunia, commune ya Mbunya, tarehe 9 Februari 2024

Kwa binti yangu mpendwa Adeline Kavira, huko Kisangani,

Nakusalimu kwa upendo wa baba, na naomba radhi mapema kwa mwandiko huu. Mkono wa kuume umeanza kutetemeka tangu Noeli, na sikutaka kumwomba mtu mwingine aniandikie, maana barua ya baba kwa binti yake haifai kupitia mkono wa jirani. Masikio nayo yamekataa simu kabisa. Ulipopiga mwezi uliopita nilikuwa nikisema ndiyo, ndiyo, bila kujua ninakubali nini, unisamehe. Ndiyo maana nimerudia kalamu, na Vital, yule dereva wa lori anayepeleka maharagwe na vitunguu Kisangani, ameahidi kukufikishia bahasha hii bila kuikunja.

Nyumbani tu wazima. Misa ya kumkumbuka mama yenu Émilienne ilisomwa Jumapili, mwaka wa sita sasa, na wanakwaya waliimba ule wimbo alioupenda. Bati la upande wa jikoni lilikuwa limeinuliwa na upepo, Gustave amelipigilia. Kaka yako ni mzima, kadiri mwanamume wa miaka thelathini na mmoja anavyoweza kuwa mzima ndani ya nyumba ya baba yake. Asubuhi anapiga pasi shati, anachukua ile farde, jalada lenye diploma ya ingénieur agronome, mtaalamu wa kilimo, anatoka. Saa nane anarudi, analitundika shati ili litumike kesho.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumanne ya wiki hii alikuja hapa msichana wa maandikisho mwenye tablette, anaitwa Bénédicte. Nilimfahamu mara moja: ni yule anayeimba katika kwaya ya parokia, bega kwa bega na Mama Fanny. Unajua yaliyopo kati ya nyumba yetu na nyumba ya Mama Fanny. Mbuzi wawili wa kufungulia mlango wa mahari wamekwisha kupokelewa, na Fanny mwenyewe anamngojea Gustave bila kunung'unika. Kwa hiyo nilimkaribisha Bénédicte kwenye kiti kizuri na kumpa chai katika kikombe cha mama yenu. Akaniuliza nani analala humu, nani ana umri gani, nani amesoma. Halafu akauliza kuhusu Gustave, ambaye hakuwepo: katika siku saba zilizopita, je, amefanya kazi yoyote yenye malipo, hata kwa saa moja tu?

Saa moja! Mimi nilikuwa sekretari wa shule ya misheni miaka thelathini na minne. Siku nilipomaliza darasa la mwisho, Padri Mkuu aliingia, akanishika mkono, akanipeleka moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kupiga chapa. Sikujua maana ya kutafuta kazi. Nataka unieleze, wewe unayefanya kazi katika ofisi ambamo majibu hayo yanafika: mtu wa saa moja na mtu wa miaka thelathini na minne wanahesabiwaje pamoja? Na asiye na kazi ni nani hasa?

Kuhusu nilivyomjibu msichana yule, usiwe na wasiwasi. Nilimjibu kwa adabu.

Ninabaki baba yako anayekutaja kila anaposali rozari,
Josaphat Kamate

*

Kisangani, tarehe 1 Machi 2024

Papa mpendwa,

Barua yako imefika, na Vital kweli hakuikunja. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Mimi ni mzima. Mvua za huku zimekuwa nyingi, mto umejaa, nyumba ninayopanga inanuka unyevu, lakini malaria ya Januari imeisha. Usiombe radhi kwa mwandiko, Papa. Hata ukitetemeka, herufi zako zimenyooka kuliko zangu.

Umeniuliza, nami nakujibu kama tunavyofundishwa. Sisi tunawagawa watu wazima katika vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni cha wale waliofanya kazi ya malipo wiki iliyopita, hata saa moja. Ndiyo, Papa, wewe na mashine yako, pamoja na mama anayeuza mafungu matatu ya sombe, majani ya muhogo, barabarani kisha akarudi nyumbani. Chumba cha pili ni cha wale wasio na kazi, wanaotafuta, na walio tayari kuanza hata kesho. Hao peke yao ndio tunaowaandika chômeurs. Chumba cha tatu ni cha wasiofanya kazi na wasiotafuta: bibi aliyezeeka, mwanafunzi, na pia mtu aliyetafuta mpaka akachoka. Siku anayoacha kupiga pasi shati lake, kwetu hahesabiwi tena kuwa chômeur. Idadi inashuka, na kuna mtu anayesimama mbele ya mkutano kusema hali imeboreka.

Wale wa chumba cha pili nao hawafanani. Kuna aliyeacha kazi moja na anangoja nyingine. Huyo ni wa muda mfupi. Kuna anayetegemea msimu, kama wavunaji wa kahawa. Kuna ambaye alichosoma na kinachotafutwa havikutani. Halafu kuna ambao kazi yenyewe iliwakimbia. Nadhani Gustave ni wa kundi hilo. Mashamba ya Djugu yamebaki na nyasi, wenyewe wamekimbia vita, wako kambini chini ya mahema, agronome atampimia nani udongo? Usimwambie kwamba hakutafuta vya kutosha. Alifundisha miaka minne katika shule ya msingi bila jina lake kuingizwa kwenye listi ya mishahara, akingoja kila Septemba. Sisi vitabuni tunakosa hata neno zuri la kumwita.

Papa, kuna jambo ambalo nimeapa kutolisema, na ninalisema kwako peke yako. Yale maandikisho si ya kuhesabu tu. Kuna mradi wa kujenga mifereji ya maji kando ya avenue za Bunia, kazi ya miezi kumi na nane, na pia wanatafuta wasimamizi wenye diploma. Watachukua mtu mmoja kutoka kila nyumba ambayo haina mtu mzima mwenye kazi ya malipo. Wauliza maswali wamekatazwa kuwaambia watu, ili watu wasijifanye maskini.

Kwa hiyo tafadhali nijibu hili moja: kuhusu Gustave, ulimwambia nini?

Binti yako,
Adeline

*

Bunia, tarehe 16 Aprili 2024

Adeline, mwanangu,

Amani ya Pasaka iliyopita iwe nawe. Naomba unisamehe kwa kuchelewa, ingawa mara hii kosa si langu lote. Lori la Vital lilizuiwa Komanda kwa siku ishirini na tatu, likisubiri wanajeshi wa kulisindikiza, na barua yako ikakaa kwenye dirisha lake ikibabuka kwa jua. Niliipokea tarehe nane Aprili. Majina ya waliochaguliwa yalikuwa yamebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya commune tangu tarehe nne.

Habari za nyumbani si mbaya. Mparachichi umezaa. Jirani wa kushoto amewapokea ndugu zake kumi na mmoja waliokimbia, kwa hiyo tunagawana kisima, nami nawapisha wachote kwanza.

Gustave alikwenda kusoma majina. Vijana waliokuwa naye wanasema aliyasoma kutoka juu hadi chini mara tatu, kisha akaanza kutoka chini kwenda juu. Aliporudi hakutundika shati. Aliketi nalo mezani. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida:

"Papa, ule dada wa tablette alifika hapa siku gani?"

Nikamwambia sikumbuki. Mimi, ninayekumbuka tarehe ya kila ubatizo wa shule ile.

Uliniuliza nilisema nini. Nimezunguka sana, na sasa nasema. Nilimwambia Bénédicte: mwana wangu ni mwalimu. Ilikuwa na ukweli wake, maana wiki ile direkta wa shule alikuwa amemwita amsaidie kujaza alama za wanafunzi kwenye bulletins, asubuhi mbili nzima. Hapo msichana akauliza kama analipwa. Nilimwona amesimamisha kidole juu ya kioo, akitabasamu vile wanavyotabasamu watoto wa parokia, nikawaza kwamba Jumamosi atakuwa kwenye mazoezi ya kwaya, ameketi karibu na Mama Fanny. Nikasema ndiyo. Nikaongeza: analipwa kidogo kidogo, lakini analipwa.

Ni neno moja tu, Adeline. Kwa kuwa upo karibu na mahali majibu yanapotunzwa, ninakuomba kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa aibu, uliondoe neno hilo na kuweka hapana. Sijapata kukuomba jambo lisilo halali. Ningekuwa na njia nyingine nisingekuomba.

Gustave bado hajui. Anadhani mashine ilikosea.

Baba yako,
J. Kamate

*

Kisangani, tarehe 2 Mei 2024

Papa mpendwa,

Nakuandikia kwa haraka, na barua hii inakuja kwa ndege mkononi mwa Sœur Abigaël, anayekwenda mafungo huko Bunia, ili isije ikalala tena Komanda. Natumaini kifua chako hakijarudi na mvua hizi. Funika mabega asubuhi.

Siwezi kulibadilisha. Usiniulize sana kwa nini. Majibu yamefungwa, na mimi sina tena mkono wa kufika yaliko. Hata yangekuwa wazi, ingekuwa kumwondoa mtu mmoja kwenye ukuta ili kumweka mwingine, na huyo mwingine angekuwa ni ndugu yangu. Nisingeweza kulala.

Lakini ipo njia ya halali, Papa, na nimeiuliza vizuri. Kila mradi wa namna hii unaacha siku za malalamiko. Kwa Mbunya mwisho ni Ijumaa tarehe kumi na saba Mei, saa tisa alasiri, kwenye ofisi ya quartier, ya mtaa wetu. Mkuu wa nyumba anakwenda mwenyewe, anasema mbele ya kamati: katika nyumba yangu hakuna anayelipwa, jibu la kwanza lilikuwa na kosa. Wanaandika, anatia sahihi, basi. Hawataadhibu mtu. Kuna nafasi za akiba, na wenye diploma ni wachache, kwa hiyo Gustave atapita.

Najua utakuwa mbele ya watu. Najua nani anaweza kuwa pale. Papa, nakuomba mara hii tu usiwe na adabu. Sema kwa sauti.

Mkumbatie Gustave. Mwambie nafasi itakuja. Hapana, usimwambie kitu mpaka utie sahihi.

Adeline

*

Bunia, tarehe 30 Juni 2024

Binti yangu Adeline,

Wiki saba nimeikwepa karatasi hii. Nakuomba msamaha kwa kila moja kati yake.

Sœur Abigaël alinipa barua yako tarehe saba Mei, kwa mkono, na kitambaa chake cha kufungia rozari juu yake. Nilikuwa na siku kumi. Siku za kwanza nilijiambia kwamba nitakwenda kifua kikitulia. Ijumaa ile ya mwisho nilivaa koti la mazishi ya mama yenu, nikatoka saa mbili asubuhi. Sikumwambia Gustave. Nilitaka nimletee jambo lililokwisha.

Nje ya ofisi ya quartier palikuwa na mabenchi mawili chini ya bati. Na kwenye benchi la kwanza, mwanangu, alikuwa ameketi Mama Fanny.

Nilivua kofia. Akasimama kunisalimu, mikono miwili, kama unavyomjua. Nikamwuliza habari za nyumbani, akaniuliza za kwangu. Nikamwambia nimepita kuuliza habari za bomba la maji la avenue yetu. Akasema yeye amemsindikiza jirani. Sikuona jirani yeyote, lakini si kawaida yangu kumhoji mama wa watu. Nikamwachia upande wenye kivuli.

Sekretari alikuwa akitoka mlangoni na kuita, "Nani anafuata?" Mimi nilisema wengine watangulie, mimi sina haraka. Yeye naye akasema wengine watangulie. Nilikuwa nikingoja aondoke, hata kwa dakika tano. Walipita akina mama wenye watoto mgongoni, walipita vijana wa kambini, alipita hata mzee mwenzangu wa darasa, akasema shida yake kwa sauti mpaka ikasikika nje, na sisi wawili tukatazama chini kwa heshima. Tuliongea juu ya mvua. Tuliongea juu ya paroko mpya. Saa tisa sekretari akafunga mlango kwa kufuli, akatuuliza kama kulikuwa na jambo. Nikasema hapana, asante. Mama Fanny akasema hapana, asante. Tukaagana barabarani na salamu kwa watoto.

Jioni ile nilimwambia Gustave yote: tablette, kikombe cha mama yake, kidole cha yule msichana, benchi. Nilidhani atapaza sauti, na ningeifurahia. Badala yake alitabasamu.

"Kumbe nilikuwa na kazi, Papa," alisema, "na hakuna mutu alinipa habari." Kisha akaongeza: "Basi, naacha ile kazi."

Tarehe tatu Juni aliondoka kwenda upande wa Kilo, kwenye mashimo ya dhahabu. Alikwenda pamoja na Rodrigue, kaka yake Fanny. Aliacha farde ya diploma juu ya meza, chini ya Biblia, na shati limepigwa pasi.

Siku ya pili yake Mama Fanny alikuja hapa, akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo hajapata kulifanya. Akaniambia kwamba ile Ijumaa alikuwa amekuja kwa ajili ya Rodrigue. Mwanawe yule hajapata kazi tangu gari la tajiri wake lichomwe njiani, mwaka wa pili sasa. Bénédicte alipomwuliza, naye alijibu kwamba Rodrigue ni dereva na analipwa, kwa kuwa aliogopa sisi, upande wa mwanamume, tusije tukasema Fanny ametoka katika nyumba ya watu waliokaa bure.

Hatukulia. Nilimpa chai.

Ninakwenda sasa kila asubuhi mbele ya commune na kalamu yangu. Nawaandikia vijana barua za kuomba kazi, kwa sababu wengi hawajui kuanza "Nina heshima ya kuleta kwako". Wananipa ndizi mbili, au asante. Nafikiri kwa vitabu vyenu nimeingia chumba cha kwanza.

Unisamehe, mwanangu. Uliniomba jambo dogo sana.

Papa

*

Kisangani, tarehe 22 Agosti 2024

Papa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima. Nimemwuliza kila dereva anayefika kutoka Komanda kama amesikia habari za Kilo. Wote wanasema watu ni wengi mno huko, nani ajue jina la mtu. Gustave hajanipigia tangu Julai. Alisema siku ile mtandao unapatikana juu ya kilima tu, na kwamba yeye yuko chini siku nzima. Alicheka akasema hatimaye anapima udongo.

Nimesoma mara nyingi pale ulipoomba msamaha. Siwezi kuendelea kuupokea, kwa sababu nami nimekuficha jambo.

Fomu ya nyumba yetu ilipita mbele yangu kwenye kompyuta, Papa. Ilikuwa tarehe kumi na tatu Machi, wiki mbili baada ya kukuandikia. Kazi yangu ilikuwa kuangalia majibu yanayotia shaka na kuyarudisha kwa aliyeuliza, ndani ya siku tatu. Niliona avenue, niliona umri wako, niliona: mwana, miaka 31, mwalimu, analipwa. Nilijua si kweli. Kurudisha kulitaka niandike sababu, na mwenzangu wa meza ya pili alikuwa akisoma begani mwangu. Watu wote wa ofisi ile walijua kutoka kinywani mwangu kwamba kaka yangu ni mwalimu. Nilikuwa nimewaambia tangu siku ya kwanza, walipokuwa wakitaja kaka zao. Nikabonyeza "sahihi". Nikaenda kula.

Kwa hiyo neno lile lilikuwa letu wawili, na la pili lilitoka kwa mtu aliyejua kabisa litafanya nini.

Jambo lingine. Nilipokuandikia Mei kwamba sina tena mkono wa kufika kule, ulikuwa ukweli kuliko ulivyodhani. Mkataba wangu uliisha tarehe thelathini Aprili. Maandikisho yakimalizika, wahesabuji wanamalizika pia. Tulikuwa arobaini na wawili, wakatupa cheti na soda. Mwezi wa kwanza nilivaa na kutoka kila asubuhi, ili mwenye nyumba asijue. Sasa nauza mandazi mlangoni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili. Saa mbili za kazi, Papa. Mara mbili ya inayotakiwa.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa ukiandika "binti yangu wa ofisi" kwenye bahasha, na Vital alikuwa akiisoma kwa sauti mbele ya wapangaji.

Sijui kama nirudi. Nitasema nini hapo avenue?

Adeline

*

Bunia, tarehe 24 Novemba 2024

Binti yangu,

Naandika polepole, na leo sitaomba radhi kwa mwandiko.

Utakuwa umesikia. Tarehe kumi na tisa Oktoba, baada ya mvua ya siku mbili, kilima kimoja huko upande wa Kilo kiliporomoka juu ya mashimo. Nilikwenda na Mama Fanny kwa pikipiki mbili, mpaka pale njia ilipokatika, kisha kwa miguu. Walikuwa wamebandika karatasi mbili kwenye ubao wa kanisa la huko. Moja ya waliotolewa hai, nyingine ya waliotolewa wamekufa. Nilizisoma kutoka juu hadi chini mara tatu. Halafu nikajikuta naanza kutoka chini kwenda juu, nikamkumbuka.

Hayumo katika hizo mbili. Rodrigue naye hayumo. Kijana mmoja mwenye matope hadi kwenye kope alituambia kwamba wawili hao walikuwa wamezungumza juu ya kuhamia shimo jingine, mbali zaidi, lakini hakumbuki ilikuwa wiki gani. Alitusihi tule kwanza. Tulikaa siku tano. Wanachimba kwa majembe, wakipumzika kila mvua inapoanza. Kisha wakatuambia turudi, watatuletea habari.

Hakuna habari iliyoletwa. Mama Fanny huja hapa kila siku baada ya misa, tunaketi. Fanny hupika. Hatuzungumzi sana juu ya mvua.

Alhamisi tulikuwa tumeketi hivyo alipobisha Bénédicte. Wamemwita kwa siku kumi, azirudie nyumba zilezile aone kilichobadilika. Hakujua. Alipomwona Mama Fanny kwangu alifurahi, akasema ni bahati, amepata nyumba mbili katika moja. Fanny akamletea kiti. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia, na mimi nikaona kwamba kumzuia kazi yake ni kumkosea.

Akaanza na mimi. Katika siku saba zilizopita? Nikasema: mimi sina kazi, nawaandikia watu barua, nalipwa ndizi. Akaandika. Halafu akashuka mstari mmoja, nikaona kwa midomo yake anasoma jina.

"Gustave. Juma iliyopita alitumika kazi ya malipo, hata saa moja?"

Mama Fanny aliinua macho akanitazama. Adeline, nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema ndiyo, anachimba, na mchimbaji analipwa. Ingekuwa ni kusema yu hai. Ningeweza kusema anatafuta. Nilijikuta nayataka yote. Nikasema:

"Sijui, dada. Hatujui kama yuko."

Kidole chake kilisimama juu ya kioo kama siku ile. Alitutazama mmoja mmoja, mimi, Mama Fanny, Fanny aliyesimama mlangoni, na akaelewa. Nilimwomba radhi. Nikamwuliza kama jibu la namna hiyo linamharibia kazi.

"Hapana, muzee," alisema kwa sauti ndogo sana, nami nililazimika kusoma midomo. "'Sijui' nayo iko."

Akabonyeza. Kisha Mama Fanny, bila kuulizwa, akasema jina la Rodrigue na akatoa jibu lile lile, mbele yangu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

Sasa nijibu swali lako. Rudi. Vital anaondoka Kisangani Jumatano ya wiki ijayo, nimempa habari, atakuachia nafasi ya mbele. Chumba chako nimekifagia mwenyewe, na farde ya Gustave nimeiacha pale mezani, usiiondoe. Umeniuliza utasema nini hapo avenue. Wewe usiseme kitu. Ni mimi nitakayeulizwa, kwa kuwa ndimi mkuu wa nyumba, na nitakuwa nimesimama mlangoni. Watakaponiuliza binti wa ofisi amekuja kufanya nini, nitasema hana ofisi, hana kazi, amekuja kwao, na tunangoja pamoja.

Nimejizoeza kulisema. Mara mbili sasa, nikiwa peke yangu, kwa sauti.

Baba yako,
Josaphat Kamate